Kuongoza Matembezi ya Kumbukumbu za Utumwa Bagamoyo

Anza matembezi saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado pole, kwenye Karavansarai, mahali ambapo misafara ya pembe za ndovu na mateka kutoka bara ilitua baada ya miezi ya kutembea. Hapo ndipo pa kueleza jina la mji, kwa kuwa wageni wengi huliulizia. Wapo wasemao "bwaga moyo" ni kilio cha mateka aliyeiona bahari akakata tamaa ya kurudi kwao, na wapo wasemao ni faraja ya mpagazi aliyetua mzigo. Zisimulie zote mbili, wala usimchagulie mgeni ile inayoliza zaidi.

Ngome Kongwe ipitieni kwa muda mfupi. Mbele ya Boma la Wajerumani la mwaka 1897, eleza kwamba ingawa mkataba wa 1873 ulilifunga soko la watumwa la Unguja, utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Ufukweni msiharakishe. Waelekeze wageni watazame upande wa Unguja, na uwaambie kwamba mateka wengi waliovushwa hapa waliishia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na wengine Uarabuni. Mgeni kutoka Jamaika au Barbados huenda akatafuta hapa nyayo za wazee wake. Mweleze kwa upole kwamba mababu wa watu wa Karibi walisafirishwa hasa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, kupitia Atlantiki, kwenda kulima miwa.

Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kujenga kijiji cha waliokombolewa utumwani, ndiko panapohitaji uangalifu mkubwa. Kuna mbuyu wenye mnyororo uliomezwa na gome, na nimewahi kuumia moyoni kusikia ukitajwa kuwa wa watumwa, ilhali ulikuwa wa kufungia punda.

Malizia kwenye mnara wa kanisa la zamani, ulikolazwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, mnamo Februari 1874. Taja kwanza Chuma na Susi, watumishi wake Waafrika, waliouleta pamoja na wenzao kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, na ueleze kwamba Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861.