Jirani akilalamikia mbwa wako, fanya hivi kabla hujafikiria kumkata sauti

Mkikaa ploti kama yetu huku Roysambu, Nairobi, mnajua, mbwa akibweka saa tisa usiku gorofa nzima inaamka na asubuhi keateka, yule msimamizi wa ploti, yuko mlangoni. Mimi niliambiwa nimtoe mbwa wangu Simba ama akatwe sauti, eti ni oparesheni ndogo. Si ndogo jamani. Mbwa analazwa kwa dawa ya usingizi, daktari anapitia mdomoni ama anapasua shingo, anakata nyuzi za sauti, na bado mbwa atabweka tu, ila inatoka kama kikohozi kikavu. Kovu likikua vibaya linabana njia ya hewa, chakula na maji yanaweza kuingia mapafuni, na kuna mbwa ambao sauti hurudi baada ya miezi kadhaa. Wenye kuunga mkono wanasema heri akatwe kuliko atupwe ama adungwe sindano ya kufa, na uchungu huo nauelewa, lakini mbwa akibweka anasema kitu na ukimkata sauti, hicho kitu bado kiko. Mkataba wa Ulaya wa 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani unakataza ukataji huu, isipokuwa daktari aone ni kwa faida ya mbwa mwenyewe, na jimbo la Massachusetts kule Marekani likaupiga marufuku 2010.

Sasa anza na kujua anabwekea nini. Acha simu ikirekodi ukitoka. Nilifanya siku nne nikapata Simba anasimama miguu miwili, pua ameiingiza kwenye pengo la geti la mabati, na kila kiatu kikipita anawaka. Nikaziba lile pengo na kipande cha gunia, kelele za mchana zikapungua wiki hiyo hiyo.

Usimpigie kelele, akikusikia unafoka anadhani mnabweka pamoja. Ngoja anyamaze hata sekunde tatu, sema "nyamaza" kwa sauti ya chini halafu mpe kipande kidogo cha maini ya kuchemsha, kesho ngoja sekunde tano, kesho kutwa kumi, hapa ndio watu wengi huchoka mapema na kusema mbwa ni kichwa ngumu. Mtembeze alfajiri kabla ya kazi, na chakula usimpe chote kwa bakuli, kitawanye uani akitafute kwa pua, hiyo inamchosha vizuri sana. Usiku mlaze ndani kama inawezekana. Mbwa wa kufungwa mnyororo mchana kutwa atabweka, hapo hakuna dawa.

Akianza kubweka ghafla na hakuwa hivyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ana maumivu, ama ni uzee unamchanganya.

Na jirani mwendee wewe, usingoje keateka. Mama wa juu yetu ana mtoto mchanga, nilimwomba aniambie saa ambazo mtoto hulala, na saa hizo ndio mimi na Simba tunatoka kutembea.