Kuhamisha na kuzalisha waridi la jangwani bila kuliozesha

Kila masika naletewa mawaridi ya jangwani yaliyolegea shina kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na mwenyewe anaapa alikuwa akimwagilia kila siku. Ndicho kilicholiua. Hiki kichaka ni cha kwetu, huota chenyewe kwenye miamba na nyika kavu, toka huku hadi Dhofar, Oman.

1. Huku pwani hamisha Januari au Februari. Masika usiliguse.

2. Changanya sehemu mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Chungu kiwe cha udongo chenye tundu; cha plastiki sikitaki hata cha bure.

3. Chimba kwa mbali, inua na mizizi yake.

4. Hapa ndipo penye kazi. Kung'uta udongo wote, kisha kata palipooza mpaka uone nyama nyeupe, safi. Vaa glavu: utomvu wake una sumu ya moyo, wawindaji waliupaka kwenye mishale. Usijishike macho, na mbuzi wasilambe mabaki. Paka vidonda unga wa mkaa, ning'iniza mche kivulini penye upepo. Vidonda vidogo hukauka kwa siku tatu hivi. Kikubwa cha upana wa dole gumba kipe wiki, na hewa ikiwa na unyevu, zaidi. Bonyeza kwa kucha: kikiwa bado laini, subiri. Majani yakipukutika yaache. Panda kwenye udongo mkavu, halafu wiki nzima usitie hata tone. Jirani yangu alikuwa akilinyunyizia usiku kwa huruma, nikagundua kwa ukoga kwenye chungu. Baadaye mwagilia pale tu kidole kikizama na kutoka kikavu.

5. Kuzalisha, mimi napendelea mbegu, maana kipandikizi cha tawi mara nyingi hakinenepi shina vizuri. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe. Yafunge kwa soksi kuukuu kabla hayajapasuka, la sivyo upepo utabeba mbegu zote. Zilaze, funika kidogo kwa mchanga. Zikiwa mbichi huota ndani ya wiki moja hivi, kisha zihamishie kwenye viriba. Ukitaka rangi ileile ya mama, hapo lazima ukate tawi, nalo ulikaushe kama hatua ya nne.