Timu ya soka ya chuo ikirudi uwanjani baada ya janga: wiki nne za kwanza

Vyuo vya Nairobi vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wachezaji walitawanyika. Huyu akaenda Kitale, yule Kilifi, mwingine akabaki Kahawa kusaidia dukani. Waliporudi baada ya miezi, sura zilikuwa zile zile lakini miili haikuwa ile. Msimu mara nyingi huharibika siku hiyo ya kwanza: kocha anapuliza firimbi, anawazungusha uwanja mara kumi "kuwapima pumzi", kisha anapanga mechi ya kirafiki Jumamosi. Jumatatu watatu wanachechemea, wameshika nyuma ya paja.

Usipime mtu siku ya kwanza. Walimu wa viungo wa vyuo vya Marekani, ambako wachezaji wameshawahi kufa mazoezini mara tu baada ya likizo, wana kanuni ya 50-30-20-10: wiki ya kwanza ondoa nusu ya mzigo wa kawaida, ya pili asilimia 30, ya tatu 20, ya nne 10. Kama timu yako huwa inakimbia mbio fupi 20 kwa kipindi, anza na 10, kisha 14, 16, 18. Mapumziko nayo yahesabiwe. Wiki ya kwanza, kila sekunde moja ya kazi ilipwe kwa sekunde nne za kupumzika. Mbio ya sekunde 6 inafuatwa na sekunde 24 za kutembea. Wiki ya pili tatu zinatosha. Shika saa mkononi, maana ukikadiria kwa macho utawabana tu.

Aliyetoka Pwani atahema zaidi siku za mwanzo, kwa kuwa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huo si uvivu, kwa hiyo usimwongezee mizunguko ya adhabu.

Kupasha misuli kusirukwe hata kama muda umebana. Mpangilio wa FIFA 11+ unachukua dakika 20: kukimbia polepole dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Zoezi la kulinda paja ndilo wachezaji hulikwepa zaidi. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu, naye anajishusha mbele polepole, mwili umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ishindwe, kisha anajipokea kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zinatosha kwa anayeanza. Akikunja kiuno anajidanganya, kwani mzigo wa paja unapungua. Misuli itauma siku mbili, kwa hiyo usiliweke kwa mara ya kwanza siku moja kabla ya mechi.

Maradhi yakiwa bado yanazunguka, gawa kikosi. Wachezaji 24 wawe makundi manne ya sita, kila kundi na robo yake ya uwanja, mipira yake, vizibao vyake na muda wake wa kuingia. Anayeshikwa vifundo ashikwe na wa kundi lake. Mmoja akiugua, unapoteza sita, si kikosi kizima. Kisha angalia majina: makipa wote wasiwe kundi moja. Novemba 29, 2020, Denver Broncos ya ligi ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani iliingia uwanjani bila hata mmoja wa warushaji wake wa mpira, kwa kuwa mmoja aliambukizwa na wenzake walikuwa wamekaa naye karibu. Walimtumia mdakaji, wakapigwa 31 kwa 3.

Joto lipimwe kivulini baada ya mchezaji kukaa dakika kumi. Paji la uso lililotembea juani saa tisa alasiri litasoma homa isiyokuwepo. Kila mtu awe na chupa yake yenye jina, na kile kikombe kimoja cha kuchotea mtungini kiondoke. Kufuta koni na milingoti, changanya kipimo kimoja cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na vipimo 34 vya maji, upate asilimia 0.1. Changanya upya kila siku, maana nguvu yake hupungua. Mipira ya ngozi ioshwe kwa sabuni tu, kwani klorini huichubua.

Aliyeugua asirudi na wenzake moja kwa moja. Mwongozo wa mwaka 2020 ulitaka apumzike siku 10, na dalili ziwe zimekwisha siku 7. Aanze na kutembea au kukimbia taratibu dakika 15, siku inayofuata hivyo hivyo, kisha 30, 45, na 60 kwa siku mbili, ndipo aingie mazoezi kamili. Akisikia kifua kubana au moyo kudunda ovyo, asimame na aende hospitali. Hapo hakuna cha kujikaza kiume.

Kuhusu saa: kafyu ya Machi 27, 2020 ilianza saa moja jioni, na mazoezi ya saa kumi na nusu yakawa hayawezekani kwa anayepanda matatu hadi Rongai. Kafyu kama hiyo ikirudi, hamishia asubuhi kabla ya masomo, na uhesabu nauli, kwa sababu matatu zilipobeba asilimia 60 ya abiria mwaka 2020 bei ilipanda.

Ratiba iliyobanwa ina mitego yake. Acha angalau saa 72 kati ya mechi na mechi. Tumia wachezaji watano wa akiba, ruhusa iliyotolewa Mei 2020, lakini kumbuka una nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko. Sheria haikubali timu yenye chini ya wachezaji saba, kwa hiyo kubalianeni mapema ni wagonjwa wangapi wanaotosha kuahirisha mechi.

Andikeni pia nini kitafanyika msimu ukikatika katikati. Machi 26, 2021 michezo ilisimamishwa tena, na mwaka mmoja nyuma klabu ya Gor Mahia ilipewa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya iliyokatishwa, ukazuka mvutano. Je, ni wastani wa pointi kwa mechi, ni jedwali la mkondo wa kwanza, au hakuna bingwa? Timu zote zitie saini kabla ya mechi ya kwanza, wakati bado hakuna anayeongoza.