Kushusha klachi ya Massey 135: kabari kwanza, spana baadaye

Huku Tabora mvua zinaanza Novemba, kwahiyo kama Massey Ferguson 135 yako injini inanguruma lakini jembe haliendi, ishushe klachi saa hizi bado pakavu, usisubiri wenzako Urambo waanze kupiga matuta ya tumbaku. Ila kabla ya yote cheki mchezo wa pedali (ule umbali inaoshuka bure kabla haijaanza kukaza), klachi nyingi zinashushwa bure kumbe pedali tu imekaza.

Hizi 135 (za 1964 mpaka 1975) klachi yake haitokei chini, trekta lazima ikatwe katikati, injini itengane na giaboksi. Na hapo ndo watu wanaumia jamani. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja tu katikati, inacheza kulia kushoto ili trekta ipite kwenye mashimo, sasa ukishatenganisha hakuna kinachoizuia injini isilale ubavu. Chonga kabari mbili za mninga, zipige kwa nyundo juu ya ekseli kila upande mpaka ukiitikisa injini haichezi kabisa. Usikubali fundi akwambie tutashikilia kwa mikono.

Mchanga wetu unameza jeki, tandika mbao nene chini. Stendi imara iwe chini ya giaboksi, matairi ya nyuma yawekewe magogo, na injini ibebwe na jeki ya magurudumu au chenibloku. Toa waya wa betri, funga koki ya dizeli, toa boneti, tenki, stata, waya, rodi ya mafuta na zile fimbo mbili za usukani. Alafu toa boliti zote zinazozunguka pale injini inapoungana na giaboksi, sukuma injini mbele taratibu, ikigoma usilazimishe, kuna boliti umeisahau.

Klachi yenyewe ipige alama ya senta panchi pamoja na flaiwili (lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini), kisha legeza boliti nusu mzunguko kila moja kwa zamu, springi zake zina nguvu sana, ukimaliza upande mmoja kwanza kava inapinda. Zenye klachi mbili zina pleti ya magurudumu na pleti ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine), piga picha kila pleti ilivyoangalia.

Lile vumbi jeusi usilipulize na kompresa! Pleti za zamani nyingi zina asibesto na vumbi lake linaua mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholoa maji, kitupe, watoto wakae mbali.

Ukikuta pleti imelowa mafuta, pleti mpya peke yake haitasaidia. Mafuta meusi mepesi ni sili ya nyuma ya injini, mazito yenye harufu ya gia ni sili ya shafti ya giaboksi. Flaiwili ikiwa na mabaka ya bluu au nyufa ipeleke kwa fundi wa lathe. Na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili izungushe kwa kidole, ikikwaruza badilisha papo hapo, ni bei ndogo sana kuliko kuikata trekta mara ya pili.