ETA, ESTA, eTA: kabla hujajaza fomu yoyote angalia umeshika pasipoti gani

Mwaka jana tulikuwa na harusi Mombasa. Sisi kwetu Tanga ila nusu ya ukoo uko ng'ambo ya Horohoro, na mamdogo akawa anakuja kutoka Toronto na mumewe na watoto wawili, na kwa kuwa mimi ndo "yule wa kompyuta" kwenye familia, makaratasi yote ya safari nikatupiwa mimi. Watu wanne, nyumba moja, ndege moja, ila kumbe kila pasipoti ina habari zake. Nilichojifunza pale nakiandika hapa maana kila mwezi wa 12 unapokaribia naulizwa maswali yaleyale.

Kitu cha kwanza kabisa, na ukikishika hiki mengine yote yanakuwa mepesi: ruhusa ya kusafiri ya kielektroniki (ndo hiyo ETA) inafuata pasipoti, haikufuati wewe. Haijali umezaliwa wapi, unaongea lugha gani, wala nyumbani kwenu ni wapi. Mamdogo amezaliwa Pongwe, anapika mchuzi wa papa kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini alichukua uraia wa Kanada na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo akifika mpakani yeye ni Mkanada, basi. Sasa kwenye fomu ya Kenya palipoulizwa uraia akachagua Tanzania (moyo ulimtuma), mfumo ukamwambia wewe huhitaji kitu, akanipigia simu kwa furaha kwamba ameokoa dola. Nikamwambia mamdogo, fungua pasipoti, soma palipoandikwa uraia. Kimya. "Haya, nirudishe mwanzo."

Sasa hii ETA ni nini hasa. Sio viza. Ni ruhusa unayoombea mtandaoni kabla ya safari, fupi, bila kwenda ubalozini, na mara nyingi wanaoombwa ni wale ambao pasipoti zao zingeingia bila viza. Marekani wanaiita ESTA, imekuwa lazima tangu Januari 2009, Kanada wanaiita eTA, Uingereza ETA. Kenya wao wamefanya kivyao, waliondoa viza Januari 2024 wakaweka eTA kwa karibu kila mgeni, ada dola 30 na makato kidogo ya kadi. Wenye pasipoti za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahusiki (ukiacha Somalia), na katikati ya 2025 wakawaondolea pia Waafrika wengi, Libya na Somalia ndo zikabaki.

Ukishaelewa hapo utaona kwa nini tangazo linalokuja kwenye simu yako "pata ETA ya Uingereza kwa haraka" halikuhusu kama umeshika pasipoti ya Tanzania au Kenya. ETA ya Uingereza, ESTA ya Marekani, hizo ni za pasipoti ambazo hazidaiwi viza kule, na zetu zinadaiwa. Utajaza, utalipa, na bado utahitaji viza. Kanada nao ni hivyohivyo, ila kuna kidirisha kimoja ambacho watu wengi hawakijui: ukiwa na grinkadi ya Marekani (kadi ya ukaazi wa kudumu) unaingia Kanada bila viza na bila eTA, unaonyesha pasipoti yako ambayo haijaisha pamoja na hiyo kadi. Nina rafiki Mmombasa anaishi Buffalo, mji wa Marekani uliopo mpakani na Kanada, alikuwa anaona maporomoko ya Niagara kwa upande mmoja tu miaka mitatu kwa kudhani lazima aombe viza.

Turudi kwa mamdogo. Yeye na watoto pasipoti za Kanada, hivyo kila mmoja eTA yake ya Kenya, mtoto hasafirii kwenye ya mama, hata akiwa wa miezi minne analipiwa. Mumewe bado ana pasipoti ya Tanzania, kwa Kenya haombi kitu. Baada ya harusi wanashuka Tanga kwa gari, hapo mambo yanageuka, mume anaingia kwao na mke na watoto wanahitaji viza ya Tanzania, ambayo unaiombea mtandaoni pia ila ni viza kabisa, kwa Mkanada dola 50, usichanganye na eTA ya Kenya eti umeshalipa Afrika Mashariki yote. Na wangetaka kuvuka kwenda Unguja, kuanzia Oktoba 2024 mgeni analipia bima ya Zanzibar dola 44 hata kama ana bima yake nyingine. Wakasema Unguja mwakani.

Afu kuna London katikati. Ndege ilikuwa inabadilishwa Heathrow. Kwa pasipoti ya Kanada, kama unabadilisha ndege bila kupita kaunta ya uhamiaji, kwenye viwanja vya Heathrow na Manchester huombwi ETA. Ukitaka kutoka nje ukamsalimie ndugu ulale usiku mmoja, hapo ETA lazima. Kwa pasipoti ya Tanzania ni ngumu zaidi, iko kwenye orodha ya wanaodaiwa viza hata ya kubadilisha ndege tu, isipokuwa uwe na kitu kinachokuokoa, na kwa baamdogo kilichomwokoa ni kadi yake ya ukaazi wa kudumu wa Kanada. Watu wengi wanaangalia wanakokwenda wanasahau wanakopita. Angalia tiketi yako vizuri, kila uwanja ulioandikwa pale ni swali lake.

Kujaza sasa. Usianzie Google. Yani andika anwani mwenyewe kwa mkono, maana yale majibu ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya madalali, kurasa zina bendera na nembo na rangi za serikali, wanakujazia fomu ileile kwa bei mara mbili tatu. Mamdogo alishaingia kwenye moja wakati ananisubiri, ikamtajia karibu dola 90 kwa mtu mmoja, na watu ni watatu. Kenya ya kweli ni etakenya.go.ke, viza ya Tanzania visa.immigration.go.tz, Uingereza ni gov.uk, Marekani esta.cbp.dhs.gov, Kanada canada.ca. Soma mwisho wa anwani, sio mwanzo, matapeli wanaweka "kenya" na "eta" na "visa" mwanzoni kote lakini go.ke hawawezi kuipata.

Andaa kabla hujakaa: picha ya ukurasa wa pasipoti isiyo na mng'ao wa taa, picha ya uso, tiketi ya kwenda na kurudi, unapofikia, na kadi ya kulipia. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Kama unafikia kwa ndugu na sio hotelini, muombe mwenyeji akuandikie barua na nakala ya kitambulisho chake, shangazi wa Mombasa alilalamika sana kuhusu hii ("mimi niandike barua kumkaribisha mtoto wa dada yangu?") ila akaandika.

Sehemu inayoua watu ni namba ya pasipoti. Herufi O na sifuri, I na 1, unakosea moja tu na ruhusa inatoka kwa pasipoti ambayo haipo duniani. Angalia chini kabisa ya ukurasa wenye picha yako, kuna mistari miwili ya herufi kubwa na vialama kama <<<<. Mstari wa pili unaanza na namba ya pasipoti, nafasi 9, ikiwa fupi zinajazwa na hicho kialama. Halafu inafuata tarakimu moja ya ukaguzi, HIYO SIO YA NAMBA YAKO, iache, kisha herufi tatu za nchi, CAN, TZA, KEN. Mimi nilifanya hivi: mtoto mkubwa anasoma kwa sauti kutoka Toronto, mimi nafuata kwenye skrini, kisha tukabadilishana. Dakika tano. Tukakamata sifuri moja ya mdogo wake.

Majina nayo andika kama yalivyo kwenye pasipoti, jina la ukoo kwenye jina la ukoo. Kama nyumbani unaitwa kwa jina la babu lakini kwenye pasipoti halipo, liache nyumbani.

Muda: Uingereza wanasema omba angalau siku 3 za kazi kabla, ESTA masaa 72, Kenya nao hesabu siku 3 za kazi. Za kazi! Ukituma Ijumaa jioni usiniulize Jumapili. Mimi nasema wiki mbili. Ada usiamini skrinshoti ya kwenye grupu, ya Uingereza ilikuwa pauni 10 ikawa 16 Aprili 2025, ESTA ilikuwa dola 21 ikaruka mpaka 40 mwishoni mwa Septemba 2025, kwa hiyo bei ni ile unayoiona kwenye tovuti yenyewe siku unayojaza. Za Ulaya, ile ETIAS, imepangwa kuanza robo ya mwisho ya 2026 kwa euro 20, na haiwahusu wenye pasipoti zetu ambao tunaendelea na viza ya Schengen, ila ndugu zetu wenye pasipoti za Uingereza au Kanada watahusika. Anayekuuzia kabla haijaanza anakuibia.

Na ukibadilisha pasipoti, ETA ya zamani imekufa na pasipoti ile, hata kama ilikuwa na mwaka mzima mbele.

Ikitoka, isome. Jina, namba, uraia. Ihifadhi kwenye simu na uprinti moja, kaunta ya chekini ndo geti lako la kwanza, mfanyakazi akiskani pasipoti na ruhusa haionekani hupandi, hata uwe na tiketi ya biznesi klasi. Na kuwa nayo hakumzuii ofisa wa uhamiaji kukuuliza maswali.

Nairobi baamdogo alipita dakika mbili na pasipoti yake ya Tanzania, akakaa kwenye mabegi akiwacheka wenzake na makaratasi yao. Wiki tatu baadaye, kurudi, mamdogo na watoto wakapita chekini moja kwa moja, yeye akaombwa ile kadi ya ukaazi wa Kanada. Ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilishaondoka kwenye mkanda.