Somo: Kuiandaa Familia ya Dodoma kwa Kuogelea na Michezo ya Maji kwenye Ghuba Tulivu

Likizo inapokaribia, wazazi wengi wa huku kwetu huuliza ni ufuo gani ulio salama kwa mtoto ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yanayompita magoti. Jibu la kawaida ni kwamba waende kwenye ghuba, mahali ambapo nchi kavu imeizunguka bahari pande tatu na mawimbi makubwa hayafiki. Jibu hilo ni sahihi, lakini lina pengo. Utulivu wa ghuba una sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ndizo zinazoweza kumchukua mtoto mbali na ufuo pasipo mtu yeyote kusikia kelele. Somo hili linaeleza namna ya kujiandaa tangu mkiwa Dodoma hadi mnapotoka majini.

Hatua ya kwanza: mafunzo yaanzie bwawani

Mtoto asijifunze baharini jambo ambalo angeweza kujifunza kwenye bwawa la kuogelea. Kina cha bwawa kinajulikana, maji yake ni maangavu kiasi cha kuiona miguu ya mtoto hadi sakafuni, na ukingo uko karibu wakati wote. Baadhi ya hoteli za mjini hupokea waogeleaji kwa malipo ya siku. Ulizeni mapema kama kuna mwokoaji na kama kina kimeandikwa ukingoni. Msianze Juni wala Julai. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa miezi hiyo ni wa baridi, na maji ya bwawa lisilopashwa moto hubaki ya baridi hadi adhuhuri, hivyo mtoto hukakamaa na kuyachukia maji kabla hajayazoea. Septemba joto likianza kupanda, anzeni.

Jambo la kwanza kufundishwa ni pumzi. Mkalishe mtoto kwenye ngazi ya bwawa, maji yakimfika kifuani, umwombe apulize uso wa maji kama anayepoza uji. Akishazoea, azamishe midomo na kupuliza, kisha azamishe pua, hadi mapovu yatoke kwa mlio bila yeye kukimbilia kujifuta macho. Usimharakishe hapa, kwa sababu mtoto anayeweza kutoa pumzi akiwa majini haogopi uso wake unapolowa, na hofu ya uso kulowa ndiyo inayowafanya wengi wapapatike.

Baada ya hapo afundishwe kuelea chali. Weka kiganja kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya mgongo, mtoto akiinua kidevu na tumbo, masikio yakiwa ndani ya maji. Wengi hukataa hatua hii kwa sababu sauti za nje hupotea ghafla, basi mweleze kabla hajalala kwamba atasikia mvumo na kwamba mvumo huo hauna madhara. Anapotulia, ondoa kwanza mkono wa mgongoni. Wa kisogoni uwe wa mwisho kabisa. Kipimo changu ni hiki: mtoto aelee chali dakika moja, ajigeuze kutoka kifudifudi hadi chali bila kushikwa, kisha afike ukingoni kutoka umbali wa mita 5. Asiyeweza hayo ataingia baharini akiwa amevaa jaketi okozi na akiwa karibu kiasi cha mkono wa mtu mzima kumfikia.

Mtoto aambiwe pia kuhusu chumvi. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo ataelea kwa urahisi zaidi kuliko bwawani, lakini macho yatamwasha na akiyameza maji anaweza kutapika.

Hatua ya pili: kuchagua ghuba na kuujua upepo wake

Kwa familia inayosafiri kwa basi kupitia Chalinze na Segera, Ghuba ya Tanga, hasa upande wa Raskazone, ni chaguo zuri. Wanaoteremka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ambayo huwafikisha kwa takribani saa nne, wana Ghuba ya Msasani. Asikudanganye mtu kwamba Coco Beach ni sawa na Msasani kwa kuwa ziko jirani. Coco Beach inaelekea bahari ya wazi, na mawimbi yake yana nguvu nyingine.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike somo hili. Ufuo mwingi wa ndani ya ghuba huwa shwari kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kuelekea majini. Karibu na mchanga hakuna wimbi lolote, maana upepo haujapata nafasi ya kuliinua, na mzazi akitazama anaona maji yaliyolala. Lakini upepo huohuo unaukumba mgongo wa mtoto aliyeketi juu ya boya la kupulizwa na kumsukuma nje taratibu, na kadiri anavyotoka kwenye kivuli cha miti na majengo ndivyo unavyomsukuma kwa kasi zaidi. Boya jepesi huenda mbio kuliko mtu mzima anavyoweza kulifuata kwa kuogelea. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kuingia majini, simameni ufuoni mtupe konzi ya mchanga mkavu hewani. Mchanga ukipeperukia baharini, maboya na magodoro ya kupulizwa yabaki nchi kavu siku hiyo, hata kama maji yanaonekana matulivu kuliko siku nyingine zote.

Kuhusu majira, kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, huvuma kwa nguvu Juni na Julai, na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hutawala kuanzia Desemba hadi karibu Machi. Wakati wa masika maji ya Ghuba ya Tanga huchafuka, kwa kuwa mito ya Sigi na Mkulumuzi inamwaga humo, na katika maji ya tope mtoto akizama hata kidogo haonekani.

Hatua ya tatu: kusoma kujaa na kupwa kwa maji

Sisi wa bara tumezoea maji yanayokaa mahali pamoja, na hapa ndipo tunapopungukiwa zaidi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa hupita saa sita na dakika chache. Kila siku nyakati hizo huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa kwenye pwani yetu hufikia mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hushuka hadi karibu mita 1.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, hukimbia katika saa ya tatu na ya nne, kisha hupunguza mwendo tena. Siku ya bamvua, katika saa hizo mbili za katikati, yanaweza kupanda karibu sentimita 75 kwa saa moja. Mtoto aliyeachwa akicheza mahali ambapo maji yanamfika kiunoni anaweza, kabla saa moja haijaisha, kuyakuta shingoni hata kama hakusogea hatua moja. Chomekeni kijiti mchangani pale maji yanapoishia na kukitazama kila baada ya dakika 10. Hata watoto hupenda kupewa kazi hiyo.

Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Familia itakayofika saa nne asubuhi mwezi ukiwa mpevu itakuta tope na mwani hadi mbali. Siku za maji mafu hali hugeuka: maji hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, tena kwa upole. Hizo ndizo siku ninazowapendekezea wenye watoto wadogo, waingie saa mbili asubuhi na kutoka kabla jua halijawa kali.

Hatua ya nne: mtazamaji mmoja mwenye jina

Mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake uko usawa wa maji, anatafuta hewa, na anaweza kutoweka ndani ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na kati ya walio hatarini zaidi ni watoto wadogo. Palipo na shangazi watatu, baba wadogo wawili na bibi, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Mteueni mtu mmoja kwa jina, akae ukingoni bila simu na bila kuchoma samaki, na abadilishwe kila baada ya nusu saa kwa kukabidhi filimbi mkononi mwa anayefuata. Asiyeshika filimbi hana zamu. Anayeishika hana kazi nyingine.

Hatua ya tano: vifaa na michezo

Jaketi okozi lichaguliwe kwa uzito wa mtoto, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na majini litamvuka kichwani.

Kifaa cha pili mnacho nyumbani tayari. Chukueni dumu tupu la lita 20, mkaze mfuniko wake, mfunge kwenye mkono wake kamba ya nailoni ya mita 15, na mweke maji kidogo tu ndani ili lisipeperushwe linaporushwa. Dumu hilo hubeba kichwa na mabega ya mtu mzima bila shida. Mtu akishindwa majini, mtazamaji analirusha nyuma yake na kulivuta hadi alishike. Haingii kumfuata kwa mikono mitupu, kwa sababu anayezama humkumbatia anayemwokoa na wote wawili huenda chini.

Kwa kayaki na ubao wa kupigia kasia mkiwa mmesimama, vaeni majaketi wakati wote, anzeni kwa kwenda upande ambao upepo unatoka ili kurudi kuwe kwepesi, na msielekee mdomo wa ghuba wakati maji yanakupwa, maana mkondo hapo unatoka nje. Anayekodisha chombo bila kuwapa majaketi, msimkodie. Mkitembea kwenye maji mafupi, buruteni miguu mchangani ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyelala hapo aondoke kabla hamjamkanyaga, na vaeni viatu vya mpira penye miamba.

Endapo mtu ametolewa majini na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Mpeni pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha mikandamizo 30 katikati ya kifua na pumzi 2, mkirudia hivyo huku mwingine akipiga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Maswali ya wanachama

Mzazi wa Kongwa: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusiwafundishe watoto kwenye mabwawa ya Hombolo au Mtera, ambako ni karibu na ni bure?

Marahaba. Mtera kuna mamba na viboko, na hilo linatosha. Hombolo tatizo ni kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, bila yeye kuhisi chochote. Mtoto ambaye ameshaingia huko, hasa akianza kukojoa damu, apelekwe kupimwa. Dawa ipo na inatibu. Baharini ugonjwa huu hauambukizwi.

Mzazi wa Nkuhungu: Nimenunua maboya madogo ya kuvaa mikononi. Hayatoshi badala ya jaketi?

Hayatoshi. Huvuka mkononi, hutoboka, na humzoesha mtoto kusimama wima majini, mkao ambao hautamsaidia siku atakapokuwa bila maboya.

Mama wa Chang'ombe: Mabinti zangu wanavaa kwa stara. Wavae nini?

Nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima, za kitambaa chepesi kinachobana kiasi, zinapatikana na zinafaa kabisa. Zinakinga hata jua. Kinachonitia hofu ni dera, khanga na mitandio mirefu, kwa sababu ikilowa huwa mizito na hujizungusha miguuni. Jaketi okozi livaliwe juu ya nguo, na mtandio wowote uchomekwe ndani.

Mwanachama wa Manyoni: Nina miaka 52 na sijui kuogelea. Naweza kushika filimbi?

Ndiyo, kama macho yako yanaona vizuri na umefanya mazoezi ya kurusha dumu. Jaribu nyumbani uani, ukimlenga mtu aliyesimama hatua kumi, hadi kamba iangukie begani mwake. Lakini ndani ya maji, karibu na watoto, awepo mtu mzima mwingine anayeweza kuogelea. Nawe jiunge na mafunzo ya bwawani, kwani kuelea chali hakuna umri.

Mzazi wa mtaa wa Kisasa: Ruhusa yangu ya kazi ni siku tatu tu za Krismasi. Siwezi kuchagua mwezi.

Basi chagua saa. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na mnakokwenda, uweke alama saa ya kujaa kwa kila siku, kisha muingie saa moja kabla ya hapo na kutoka nusu saa baada yake. Katika muda huo maji husogea kidogo sana. Ikitokea kwamba kujaa kunaangukia mchana wa jua kali au gizani, siku hiyo wadogo wachezee mchangani, na wakubwa waendelee na mazoezi ya kuelea kwenye bwawa la mahali mlipofikia.