Kaa mmoja, vipimo viwili: kuandaa sampuli za vimeng'enya na metali nzito

Kabla ya kushika kisu, mbonyeze kaa pembeni mwa gamba. Likibonyea, amejivua gamba karibuni. Mimi humweka kando. Kujivua huvuruga metali na vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini) kwa pamoja, nawe utailaumu bahari kuwa imechafuka kumbe ni mambo ya mwili wake tu. Andika jinsia, upana wa gamba na uzito. Wanaoruka hatua hii huniletea majedwali mazuri yasiyosema kitu.

Mlaze kwenye barafu hadi atulie kabisa, ndipo uinue gamba la juu. Ile tezi laini ya manjano au kahawia, inayovurugika ukiigusa tu, ndiyo ya mmeng'enyo. Kadmiamu, metali nzito yenye sumu, hurundikana humo kuliko kwenye nyama, kwa hiyo usipime nyama peke yake. Chukua pia matamvua na nyama ya magando.

Sasa gawa kila kiungo mafungu mawili. Fungu la vimeng'enya linataka baridi na haraka: litumbukize kwenye naitrojeni ya kimiminika, kisha lihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Usiliyeyushe na kuligandisha tena. Fungu la metali linataka usafi. Likate kwa kisu cha kauri, uliweke kwenye vichupa vilivyolowekwa usiku kucha katika asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa vizuri. Vyombo vya huku visiende kule.

Siku ya kupima, saga fungu la kwanza juu ya barafu katika bafa ya fosfeti (mmumunyo unaotuliza kiwango cha asidi), lizungushe kwenye sentrifuji yenye baridi, mashine inayotenga mashapo kwa kuzungusha, uchukue maji ya juu. Katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi ya hidrojeni, husomwa kwa mwanga wa nanomita 240, peroksidi hiyo ikipungua. Asetilikolinesterasi ya misuli, kimeng'enya cha mawasiliano ya neva, naipima kwa mbinu ya Ellman ya 1961: hutoa rangi ya njano, inayosomwa kwenye nanomita 412. Ikishuka, usikimbilie kushtaki metali: viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huizuia vilevile, tena kwa nguvu. Kila jibu ligawe kwa kiasi cha protini kilichomo kwenye sampuli.

Fungu la pili likaushe, ulimeng'enye kwa asidi ya nitriki, upime pamoja na sampuli tupu (isiyo na kaa ndani) na sampuli rejea iliyothibitishwa (ambayo kiwango chake cha metali kinajulikana). Fungu la kupimia zebaki lisiingie kwenye joto kali, huruka.

Shaba ikitokea nyingi, tulia. Damu ya kaa hubeba oksijeni kwa hemosianini, na hemosianini ina shaba. Kadmiamu na risasi ndizo za kuulizia.